Piano ya kanisa imechoka, na lawama ni za fundi: nimwambieje mzee aliyeitoa?

BARUA YA MSOMAJI

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni fundi wa piano, mkazi wa Tanga. Piano haiendi kwa fundi, bali fundi ndiye anayeifuata, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yangu ni safari. Nina wateja Tanga mjini, nina shule na nyumba za mapumziko za kanisa huko Lushoto, nina walimu wa muziki wa Moshi na Arusha wanaofundisha watoto majumbani, na mara chache navuka kwa boti kwenda Unguja ambako hoteli huniita. Kazi hii nilifundishwa na mzee mmoja ambaye sasa ni marehemu. Aliniachia spana yake ya kuzungushia vigingi, yaani pini za chuma zinazokaza nyuzi, uma wa sauti na kabari za mpira za kunyamazisha nyuzi, na mengine nimeyapata kwa kusoma na kwa programu ya simu inayosikiliza uzi na kuonyesha umepanda au umeshuka kwa kiasi gani.

Kinachonikosesha usingizi ni piano ya usharika mmoja wa pwani ambao naomba nisiutaje. Ni piano ya kusimama, ya kale, iliyotengenezwa Uingereza, ya ile aina yenye vizimasauti juu ya nyundo, pamoja na safu ya waya nyembamba zinazoziba njia ya kabari. Ilikuwa mali ya marehemu mke wa mzee mmoja wa kanisa, mama aliyeifundisha kwaya ya pale kwa miaka mingi. Baada ya msiba mzee aliitoa kwa usharika, na kwenye kifuniko chake kimefungwa kibati cha shaba chenye jina la mama huyo.

Niliitwa Desemba niisawazishe kwa ajili ya Krismasi. Nilikuta imeshuka karibu nusu toni nzima chini ya kiwango cha leo, nyuzi zina kutu, nondo wamekula felti za nyundo, vigingi kadhaa vya sauti za kati havishiki, na daraja la nyuzi nene, yaani ule mbao unaopitisha mtetemo wa nyuzi kwenye ubao wa sauti, lina ufa. Niliisawazisha kwa sauti yake yenyewe, pale pale ilipokuwa imekaa, na Krismasi ikapita vizuri. Masika yalipoanza ikageuka. Sauti za kati zilipanda, za juu kabisa zikabaki nyuma, na kufikia Pasaka mpigaji alikataa kuigusa. Baraza la wazee likasema kwamba sikufanya kazi, likazuia nusu ya malipo yangu, na nauli yangu ya safari ile haikurudi mpaka leo. Nilipouliza, nilijibiwa kwamba kazi ya Bwana hailipwi kwa fedha.

Sasa usharika utaadhimisha jubilei yake mwezi Septemba, na bendi ya tarumbeta itapiga pamoja na piano. Wazee wanataka niipandishe hadi kiwango cha leo, yaani noti ya A itetemeke mara 440 kwa sekunde (hezi 440), ili iende na tarumbeta. Mzee aliyeitoa amesema mbele ya wenzake, “Ilikuwa nzima nilipoileta, kijana, wewe tyuni tu.” Ile hali ya vigingi na daraja sijapata namna ya kumweleza, kwa sababu kila nikitaka kufungua kinywa namwona anakitazama kile kibati. Zaidi ya hayo, mimi ni mdogo kwao wote, na sina cheti cha kuwaonyesha.

Naomba unishauri. Nikubali kuipandisha? Nimwambieje mzee? Nitoze vipi ili nisiendelee kusafiri kwa hasara? Tena, je, kuna haja ya kubaki na kazi hii hapa nyumbani, maana ndugu zangu wanasema niiache nitafute nyingine?

Ni mimi, fundi wa safari, Tanga.


JIBU

Marahaba, mwanangu.

Usiipandishe piano hiyo. Naanza hapo kwa sababu Septemba haiko mbali na najua shinikizo la wazee linavyoongezeka kadiri sikukuu inavyokaribia, na ningependa ujue sababu zake kwa undani kiasi cha kuweza kuzieleza wewe mwenyewe, bila kutegemea jina langu.

Piano ya kawaida yenye vibonyezo 88 ina nyuzi zipatazo 230, na mvuto wa nyuzi hizo zote kwa pamoja ni wa tani 15 hadi 20. Piano za zamani za umbo dogo huwa na mvuto pungufu, lakini bado ni mzigo wa tani nyingi unaobebwa na fremu, ubao wa vigingi na madaraja. Unapopandisha uzi nusu toni, mtetemo wake unaongezeka kwa karibu asilimia 6, ilhali mvuto unaongezeka kwa karibu asilimia 12, kwa kuwa mvuto hufuata mraba wa mtetemo. Kwa piano yenye mvuto wa tani 15, hiyo ni nyongeza ya karibu tani 2, ambayo wewe unaombwa uitwike juu ya daraja lenye ufa na vigingi visivyoshika, kupitia nyuzi zenye kutu. Uzi wa namna hiyo hukatikia pale unapojikunja kwenye kigingi au unapopita kwenye kona ya chuma juu ya ubao, na hukatika siku ile ile au usiku wa kuamkia ibada. Waeleze wazee hesabu hii kwa utulivu. Wengi wao wamejenga nyumba, na wanajua kinachotokea mtu anapoongeza ghorofa juu ya ukuta ulioanza kupasuka.

Tena, kiwango cha A ya hezi 440 kilikubaliwa katika mkutano wa kimataifa uliofanyika London mwaka 1939. Kwa jinsi ulivyoieleza piano hiyo, huenda iliundwa kabla ya hapo, na haikuwa na ahadi yoyote na kiwango hicho.

Nakuomba pia usikubali mapatano ya katikati, yale ya kusema “ipandishe kidogo tu.” Piano inayopandishwa haisimami mahali ilipofikishwa. Kadiri unavyokaza nyuzi za mbele ndivyo ubao wa sauti unavyogandamizwa na fremu inavyojipinda kidogo, na nyuzi ulizokwisha kuzikaza zinalegea. Ukipandisha kwa senti 100, yaani nusu toni, utakuta sehemu nyingi zimerudi chini kwa robo au zaidi kabla hujafunga kifuniko. Ndiyo maana piano iliyo nzima hupandishwa kwa kupitiwa mara mbili au tatu, ya kwanza ikivuka lengo kwa makusudi, kisha fundi hurudi baada ya wiki chache. Kwa vigingi ulivyovieleza, huna hata hiyo nafasi ya kurudi.

Hapo kwenye vigingi nakaa kidogo, kwa sababu ndipo ukweli wa piano hiyo ulipo, na ndipo utakapopata maneno ya kumwambia mzee. Chagua kigingi kimoja cha sauti za kati. Zima nyuzi mbili za jirani kwa kabari, weka spana, uilekeze juu kadiri nafasi inavyoruhusu, kisha usukume polepole kwa vidole, si kwa bega. Kigingi kizima kinakataa kwanza, kisha kinasogea kwa mshtuko mdogo unaousikia kwenye kiganja kabla ya kuusikia kwa sikio, na ukiachia kinabaki pale pale. Kigingi kilichokwisha kinazunguka kama mwiko ndani ya uji, na ukiondoa mkono uzi unakivuta kirudi. Masikio yako yanausikia mshuko huo mara moja. Fanya hivyo kwa kila kigingi, na chenye kasoro ukitie alama ya chaki. Kazi hiyo inachukua sehemu ya asubuhi, na inapokwisha unayo picha ya hali ya ubao wa vigingi ambayo hata mtu asiyejua muziki ataielewa kwa kutazama alama.

Kwa vigingi vyenye alama kuna njia tatu. Ya kwanza ni gundi nyepesi kabisa ya aina ya supagluu, ambayo hudondoshwa kwenye shina la kigingi ili izame ndani ya mbao. Njia hiyo inafaa kama ubao wa vigingi uko wazi, kama ulivyo katika piano kadhaa za zamani za Uingereza. Piano hulazwa chali na watu wanne wenye nguvu, madirisha hufunguliwa, nawe huvaa barakoa na miwani, kwa kuwa moshi wa gundi hiyo unachoma macho. Ya pili ni kung’oa kigingi na kuweka kinene zaidi kwa saizi moja. Ya tatu ni ubao mpya, na hiyo ni kazi ya karakana ambayo kwa piano ya thamani hii sioni sababu ya kuipendekeza. Nitakuwa mkali kwa jambo moja: mtu yeyote asikushawishi kupaka mafuta kwenye vigingi au karibu navyo. Nimeona piano zilizouawa na tone la mafuta lililotiwa kwa nia njema ya kuondoa kutu. Mafuta yakishaingia kwenye mbao, hakuna gundi itakayoshika tena.

Ufa wa daraja nao utazame kwa tochi na kioo kidogo. Kama unapita baina ya pini moja na nyingine na pini zimeanza kuinama upande, nyuzi hazibanwi sawasawa tena, na utasikia zinatoa mawimbi hata uzi mmoja ukipigwa peke yake. Ufa mfupi huzibwa kwa gundi ngumu ya kuchanganya, nyuzi zikiwa zimelegezwa na pini zikiwa zimerudishwa wima. Mrefu haustahili kudanganyiwa dawa.

Sasa nije kwa mzee, maana naona ndilo jambo lililokulemea kuliko yote.

Usimweleze barazani. Ametamka mbele ya wenzake kwamba piano ilikuwa nzima, na ukimpinga mbele ya hao hao, umemvua heshima yake na umejifungia mlango. Mwombe mchungaji awatangulie, mwende nyumbani kwake jioni, mkae, mjuliane hali, na uanze na mama. Muulize piano ilifika nyumbani lini, mama alipenda kupiga nyimbo gani, ilisimama upande gani wa sebule. Maswali hayo si ujanja wa kumlainisha. Ni historia ya chombo unachokitibu, na fundi anaihitaji. Piano iliyokaa miaka mingi katika nyumba iliyofungwa vizuri, mbali na dirisha, kisha ikahamishiwa kanisani ambako upepo wa bahari unaingia kutoka pande zote, imebadilishiwa hewa kabisa. Kwa hiyo mzee anaposema ilikuwa nzima, yamkini anasema kweli kabisa, na wewe ukimwambia, “Baba, nakubali ilikuwa nzima, na nitakueleza kilichoipata tangu ilipohamia kanisani,” utakuwa umemweka upande mmoja nawe. Baada ya hapo mwalike aje kanisani siku isiyo na watu. Mfungulie piano, mwonyeshe ufa kwa tochi, mwache aone alama za chaki, mwache asikie kigingi kinavyorudi nyuma mkono unapoondoka. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mpaka leo piano hiyo imefichiwa maradhi yake na kila mtu, wewe ukiwemo, kwa sababu ya heshima kwa marehemu.

Ndipo umpe mapendekezo, kwa kuwa si haki kumwachia mzee habari mbaya peke yake. Piano hiyo inaweza kuishi. Itibu vigingi kwa gundi, ziba ufa kama ni mfupi, badilisha felti za nyundo za sauti zinazotumika zaidi, kisha uisawazishe kwa sauti ya chini, lakini safari hii uiweke chini kwa nusu toni kamili, A ikiwa kwenye hezi 415 na sehemu kidogo. Usiiache popote ilipojikalia. Katika hili kuna faida ambayo watu wengi hawaioni. Kinanda cha umeme kina kitufe cha kuhamisha sauti. Mpigaji akikishusha hatua moja, vyombo viwili vinaenda pamoja bila ugomvi. Waimbaji hawadhuriki, kwani nusu toni chini ni nafuu kwa sauti za soprano saa tatu asubuhi. Tarumbeta ndizo zisizoweza kushuka kirahisi, na mpigaji piano angelazimika kupiga kila wimbo nusu toni juu ya ulivyoandikwa, jambo ambalo simshauri afanye mbele ya umati. Kwa hiyo katika ratiba ya jubilei, nyimbo za tarumbeta ziende na kinanda cha umeme, na piano ya mama isindikize kwaya peke yake katika nyimbo mbili au tatu alizozifundisha yeye. Mpelekee mzee pendekezo hilo kwanza, kabla ya baraza. Nadhani atalipokea vizuri zaidi kuliko unavyohofia, kwa sababu linaipa piano nafasi yake katika ibada, badala ya kuizamisha chini ya shaba za bendi.

Kuhusu lawama ya Pasaka, hapo sikupi kosa la ufundi, lakini nakudai maelezo ambayo yangepaswa kutolewa Desemba. Ubao wa sauti hutengenezwa kwa mbao laini ya msonobari wa nchi za baridi, nao hunywa unyevu wa hewa. Unaponywa unavimba, unajitutumua kuelekea kwenye nyuzi, na nyuzi zinavutika na kupanda. Hewa ikikauka, unarudi na sauti zinashuka. Mabadiliko hayo hayalingani pande zote: sehemu ya kati, karibu na pale madaraja mawili yanapoachana, hubadilika zaidi, na ndiyo maana masika hayakuipandisha piano yote kwa pamoja bali yaliiachanisha na nafsi yake. Fundi bora duniani akiisawazisha piano ya pwani wakati wa kaskazi kavu, atakuta imegeuka mwezi wa Aprili. Lushoto utaliona jambo hili kwa namna nyingine, kwa sababu ya ukungu na baridi, na katika hoteli za Unguja utaliona kwa kasi zaidi, kwa kuwa kiyoyozi kinawashwa mchana na kuzimwa usiku, na piano inapitia misimu miwili kila siku.

Mteja anayeambiwa hayo kabla hakulaumu baadaye. Anayeambiwa baada ya piano kugeuka huona unatafuta kisingizio. Basi, kuanzia sasa kila piano ya pwani ipangie ziara mbili kwa mwaka: moja Julai, masika yakiwa yamekwisha na hewa imetulia, ambayo ndiyo ziara kubwa, na nyingine fupi mwanzoni mwa Desemba kwa ajili ya Krismasi. Ishauri kanisa iondoe piano kwenye ukuta wa nje na mbali na dirisha, na ifunikwe kwa kitambaa cha pamba, wala si nailoni inayofungia unyevu ndani. Kama umeme ni wa uhakika, kuna fimbo za joto la kiasi zinazotengenezwa kwa ajili ya piano, ambazo hufungwa ndani upande wa chini na kuongozwa na kipima unyevu. Wapo wanaoweka balbu badala yake. Mimi siipendi, kwa sababu ya felti kavu na vumbi vilivyo karibu nayo, na isitoshe balbu za siku hizi hazitoi joto la maana.

Ukiwa kwenye habari za masika, tahadhari na vibonyezo vinavyokwama. Wateja watakuomba uvipige msasa. Usifanye hivyo, kwa sababu mbao iliyovimba Aprili itanywea Agosti, na kibonyezo kilichopigwa msasa kitabaki kikigonga kushoto na kulia maisha yake yote. Ibane felti ya tundu lake kwa koleo laini kiasi cha kukiwezesha kupita, basi.

Sasa malipo. Ninaheshimu sana mafundi wanaolihudumia kanisa, na sitakuambia uache. Ila tenganisha vitu vitatu ambavyo umeviacha vichanganyike: safari, vifaa na kazi. Nauli na malazi havina uhusiano na sadaka, kwa kuwa konda wa basi hakupunguzii kwa sababu unakwenda kanisani, kwa hiyo vilipwe kabla hujaondoka Tanga, kwa simu, na risiti umpe mhasibu. Vifaa, yaani waya, felti, gundi na vigingi, vilipwe kwa bei ya kuvinunua. Katika kazi ya mikono yako, hapo una hiari ya kupunguza, hata nusu ukitaka, na uandike kwenye karatasi kwamba umepunguza, ili punguzo lionekane kuwa zawadi na lisigeuke kuwa bei yako. Waya wa kubadilisha nyuzi zinazokatika uwe nao daima katika unene tofauti, na maikromita ya kupimia, maana uzi uliowekwa kwa kukisia hauwezi kuafikiana na wenzake. Nyuzi nene zilizozungushiwa shaba huagizwa nje kwa kupeleka sampuli. Uzi ukatikao karibu na kigingi unaweza kuungwa kwa fundo la mafundi na kipande kipya cha waya, na ukafanya kazi miaka.

Karatasi hiyo ninayoisema iwe ya ukurasa mmoja, nayo ijazwe kabla ya spana kugusa kigingi. Iandike piano uliyoikuta, imeshuka kwa senti ngapi, hali ya nyuzi, vigingi, madaraja, nyundo na dalili za mchwa au panya. Iseme utakachofanya na usichofanya, nani atalipia uzi ukikatika kwa uchakavu, na kwamba uzi mpya hulegea kwa wiki kadhaa hivyo utahitaji ziara ya kurudi. Watie sahihi wewe na mwakilishi wao, na kila upande ubaki na nakala. Baraza linalobadilika kila baada ya uchaguzi haliwezi kukumbuka ulichosema kwa mdomo. Ile nusu ya malipo ya Desemba, idai mara moja kwa barua ya heshima kwa mchungaji, ukiambatisha maelezo ya masika kama nilivyoyaeleza, kisha uiache mezani kwake. Usiifanye kuwa sharti la kuishughulikia piano ya mama. Mambo hayo mawili yakichanganyika, mzee atadhani unamdai marehemu.

Kuhusu safari zenyewe, panga wateja kwa njia. Anayetaka fundi kwa siku yake alipie safari yote. Anayekubali kungoja mzunguko wa Lushoto, Moshi na Arusha achangie sehemu yake na wenzake. Walimu wa muziki wa Arusha wanajuana, na mmoja akiwakusanyia wenzake tarehe moja, mpunguzie yeye.

Umri na cheti visikuumize sana. Katika Paris ya karne ya 19, kijana asiyeona aitwaye Claude Montal, mwanafunzi wa taasisi ya vijana wasioona, alianza kujifundisha kusawazisha piano za shule. Fundi wa shule alilalamika, naye akakatazwa kuzigusa. Yeye na mwenzake wakapata piano mbovu, wakaitengeneza mpaka ikapona, na hapo wakuu wakawakabidhi utunzaji wa piano za taasisi nzima. Mwaka 1836 alitoa kitabu cha kuwafundisha wengine ufundi huo. Wazee wako watasadiki alama za chaki na sauti iliyotulia kuliko watakavyosadiki karatasi yenye muhuri. Ukipata nafasi ya kusoma nje, isome. Uingereza na Marekani kuna mafunzo na mitihani ya mafundi inayotambulika, na ningefurahi uende. Kabla ya hapo, nenda Nairobi au Dar es Salaam ukae karakanani kwa fundi anayefungua piano mpaka mifupa, kwa sababu kusawazisha umeshaanza kukujua, bali kubadilisha nyundo na kurekebisha mwendo wa vibonyezo hakuwezi kufundishwa na simu. Programu yako iendelee kukusaidia, lakini kila siku sawazisha angalau oktavu moja kwa uma wa sauti na masikio, ukihesabu mapigo, yaani yale mawimbi yanayosikika noti mbili zinapopigwa pamoja, katika vipindi vya tano na vya nne. Katika piano yenye nyuzi za kutu, simu huonyesha namba isiyotulia, na ni sikio litakaloamua.

Kuiacha kazi sikushauri. Kutoka Tanga hadi Arusha piano zipo, watoto wanaojifunza wapo, na mtu akikuita ni kwa sababu hakuna mwingine wa karibu. Ndugu zako wanahesabu fedha iliyopotea kwa nauli, nao wana haki. Ukishatenganisha nauli na kazi, waonyeshe daftari baada ya mzunguko wa Julai, muamue pamoja.

Mpigie mchungaji wiki hii, kabla wazee hawajachapisha ratiba ya jubilei, kwa sababu ratiba ikishachapwa itakuwa vigumu kuhamisha nyimbo za tarumbeta. Ukishaonana na mzee, niandikie tena, na katika barua hiyo uniambie ufa wa daraja una urefu wa pini ngapi na unaelekea upande wa nyuzi zipi, ili nikuambie kama gundi itautosha au la.